Pedali ya Kushoto Hukazwa Kinyume: Kuchagua Baiskeli ya Mazoezi ya Nyumbani

Wiki moja baada ya kuleta baiskeli ya mazoezi nyumbani kwangu Migosi, Kisumu, pedali ya kushoto iling'oka nikiwa juu yake. Haikunipa notisi. Ilichomoka na unga wa chuma, mguu ukateremka, na muundi wangu ukakutana na mkono wa pedali. Kijana aliyetumwa na muuzaji kuja kuiunganisha alikuwa ameichukua pedali ya kulia akailazimisha kushoto kwa spana ndefu na jasho jingi. Nilimpigia muuzaji simu. Akaniambia gharanti haihusu "matumizi mabaya".

Nikaipakia baiskeli kwenye tuktuk hadi kwa fundi mmoja karibu na soko la Kibuye. Mzee huyu alianza kazi zile siku ambazo boda boda Kisumu ilikuwa baiskeli yenye mto wa sponji nyuma, kabla serikali haijaondoa VAT kwa pikipiki ndogo mwaka 2008 na mji kujaa injini. Alipitisha kidole gumba ndani ya tundu la mkono wa pedali, akakitazama kidole kilivyong'aa unga wa chuma, akacheka.

"Mwalimu, ya kushoto hukazwa kinyume. Nani alikufungia hii?"

Alibandua kifuniko cha plastiki, akakuta ekseli ya pembe nne kama ya baiskeli nyingi za milimani. Akachakura debe lake la vyuma vikuukuu, akatoa mkono wa kushoto wa baiskeli ya kawaida, akaupachika. Ulikaa kama ulizaliwa hapo. Kazi nzima haikumaliza saa.

Siku ile ndipo nilipojua kwamba nilikuwa nimechagua vizuri kwa bahati tu. Dukani nilikuwa nimetazama kioo cha kuonyesha namba, rangi na kilo za gurudumu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichoniokoa. Kilichoniokoa ni kwamba chini ya plastiki ile, mashine yangu ilikuwa baiskeli ambayo mzee wa Kibuye anaielewa. Tangu hapo kila anayeniuliza anunue ipi humwambia atafute jibu la maswali mawili: mguu wako unapingwa na nini, na kikiharibika, nani hapa mjini atakitengeneza?

Kwa nini ununue baiskeli isiyosonga

Swali hili huulizwa kwa kejeli, na si la kipuuzi. Magharibi mwa Kenya ni nchi ya baiskeli. Jina boda boda lenyewe lilianzia Busia, kwa vijana waliokuwa wakivusha watu na mizigo mpakani. Kama una baiskeli nzuri, nafasi ya alfajiri na barabara tulivu, ondoka uende ukaone ziwa pale Dunga. Hutahitaji makala hii.

Ila wengi wetu muda tulio nao ni saa mbili usiku, watoto wakishalala, au jioni ile mvua ya Kisumu inapoamua kuteremka yote kwa mara moja. Kuna mama asiyeweza kuacha nyumba. Kuna mtu wa presha au sukari ambaye daktari amemwambia atembeze mwili, na barabara ya mtaani kwake haina kando ya kutembelea, ina matatu. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu mzima afanye mazoezi ya wastani dakika 150 hadi 300 kwa wiki. Gawanya 150 kwa siku tano, unapata nusu saa. Nusu saa inapatikana sebuleni.

Kuna njia ya katikati ambayo wauzaji hawaitaji kwa sababu haina faida kubwa kwao: stendi ya mazoezi. Unaipachika baiskeli yako mwenyewe, gurudumu la nyuma linakalia rola, unakanyaga papo hapo. Kwa mwenye baiskeli ya gia tayari, huo ni ununuzi wa akili. Angalia mambo mawili tu. Tairi la meno makubwa hunguruma kwenye rola kama posho mill, kwa hiyo weka tairi laini. Na Black Mamba ya babu, yenye nati kubwa za ekseli na keria nzito, mara nyingi haiingii kwenye mishikio ya stendi, basi pima kabla ya kulipa.

Kinachopinga mguu

Baiskeli zote hizi, ya bei rahisi na ya bei ya kutisha, hufanya kazi moja: zinakunyima urahisi. Unazungusha gurudumu, kitu fulani kinalizuia, nguvu yako inageuka joto. Tofauti ya kweli iko kwenye hicho kitu kinachozuia. Viko vitatu.

Cha kwanza ni breki ya kugusa. Kipande cha sufi au ngozi kinabanwa juu ya gurudumu. Unapokaza kitasa, kile unachokizungusha kwa mkono, kinabana zaidi. Ni rahisi, hakihitaji umeme, na kila fundi anakielewa. Ubaya wake ni kwamba kinalika. Baada ya miezi kadhaa utaanza kuona vumbi jeusi chini ya baiskeli, halafu mlio, halafu harufu ya kitu kinachotaka kuungua. Wengine hukitia mafuta kidogo ya silikoni kikanyamaza. Kikiisha, mshona viatu mwenye ngozi nene na gundi nzuri atakukatia kingine.

Cha pili ni sumaku, na hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa, kwa sababu sumaku haigusi chochote. Sasa inazuiaje? Ukitaka kuona kwa macho yako, tafuta sumaku kali, kama ile iliyo ndani ya hard disk ya kompyuta iliyokufa. Chukua sufuria nene ya alumini, ile ya kupikia sherehe, uiinamishe, kisha iachie sumaku iteleze juu ya kitako chake. Alumini haivutwi na sumaku, unajua hilo. Kijiko cha alumini hakinati. Lakini sumaku itashuka pole pole, kana kwamba kuna mtu anaishika mkia. Sumaku inapopita juu ya metali kama alumini, au metali inapopita mbele ya sumaku, umeme mdogo huzunguka ndani ya metali yenyewe, na umeme huo huzaa usumaku wake unaopinga ule mwendo. Kwenye baiskeli, ukizungusha kitasa, waya unasogeza sumaku karibu zaidi na gurudumu, na mguu unahisi mlima.

Kwa kuwa hakuna kinachogusana, hakuna kinacholika na hakuna mlio. Kwa mtu anayeishi fleti, juu ya jirani mwenye mtoto mchanga, sumaku si anasa. Na ina tabia moja ya kujua: katika mwendo wa kawaida wa sebuleni, ukikanyaga kwa kasi zaidi inakupinga zaidi, hata kama hujagusa kitasa. Ndiyo maana "namba 5" ya kwako na "namba 5" ya mwenzako si kitu kimoja.

Lakini sumaku ziko za aina mbili, na wauzaji huzitaja kwa jina moja. Kuna zinazosogezwa na waya kutoka kwenye kitasa. Hizi hazijali stima. Halafu kuna zinazoendeshwa kwa umeme, unabonyeza kioo na mashine inajiongeza uzito yenyewe, na inaweza hata kukuchorea vilima. Zinapendeza. Binamu yangu wa Kiamunyi, Nakuru, alinunua moja ya hizo, tena ya bei. Siku moja stima ikapotea, ikarudi kwa kishindo, na ile bodi ya kielektroniki nyuma ya kioo ikafa. Pedali zinazunguka hadi leo. Ila uzito umekwama pale ulipokuwa siku ile, wepesi kama wa kukoroga uji, na hakuna fundi Nakuru nzima aliyekubali kuigusa bodi yenyewe. Ukinunua ya namna hii, nunua na kifaa cha kulinda dhidi ya stima inayorudi kwa nguvu, na umuulize muuzaji, kabla ya kutoa pesa, bodi ya kubadilisha anayo wapi.

Cha tatu ni hewa. Mbele pana feni kubwa ndani ya wavu. Unavyokanyaga unasukuma upepo. Haina kitasa, kasi ndiyo kitasa. Nguvu inayohitajika hupanda kwa mchemraba wa kasi, maana yake ukiongeza kasi maradufu unadaiwa nguvu mara nane. Wanamichezo wanaipenda kwa sababu hiyo. Nyumbani ina kelele kama kinu cha kupepeta mpunga cha Ahero, na mimi siipendekezi kwa mtu anayeanza. Faida yake moja, ambayo Kisumu si ndogo, ni kwamba inakupepea.

Kilo za gurudumu

"Hii ina flaiwili ya kilo 20, boss." Utayasikia maneno haya kabla hujakaribishwa vizuri dukani. Flaiwili ni lile gurudumu zito, na kazi yake ni ileile ya gurudumu la cherehani. Mtazame mshonaji wa miguu: kanyagio lina mahali linapofika likawa halina nguvu, na ni uzito wa gurudumu unaolivusha hapo. Miguu yako vilevile husukuma vizuri pedali ikiwa mbele, na husukuma vibaya ikiwa juu kabisa au chini kabisa. Flaiwili inakuvusha. Bila hiyo, ungehisi unakanyaga kwa mikupuo.

Kwa hiyo ni kweli kwamba uzito unasaidia. Lakini nguvu inayohifadhiwa ndani ya gurudumu huongezeka mara nne kasi ya mzunguko ikiongezeka mara mbili. Gurudumu la kilo 8 linalozungushwa kwa kasi maradufu linaweza kubeba sawa na la kilo 32 lenye umbo na upana uleule linalozunguka taratibu. Tena kilo zilizo pembeni kwenye ukingo zina kazi kuliko zilizo katikati. Ndiyo maana baiskeli nyingi za sumaku zina gurudumu jepesi linalokwenda mbio, na zinakanyagika laini kabisa. Usinunue kilo kama unavyonunua sukari. Panda, ongeza uzito, kanyaga pole pole sana. Ikikupeleka bila mikupuo, gurudumu linatosha, liandikwe vyovyote.

Gurudumu zito lina hatari yake, na sijawahi kumsikia muuzaji akiitaja. Kwenye baiskeli nyingi za spini, zile za kuinama mbele kama mwanariadha, pedali zimeungana na gurudumu moja kwa moja. Ukiacha kukanyaga, pedali haziachi. Zinaendelea kuibeba miguu yako. Mgeni akitaka kushuka ghafla anaumia. Kisimamishi huwa ni kitasa chenyewe: unakibonyeza chini, gurudumu linasimama. Jifunze hilo kabla ya kitu kingine chochote, na kama kuna watoto nyumbani, kaza kitasa mpaka mwisho kila ukimaliza. Kidole cha mtoto hakina mjadala na kilo 20 za chuma kinachozunguka.

Jinsi unavyokaa

Nilimpandisha shangazi yangu wa Luanda kwenye baiskeli yangu, nikidhani nimemfanyia hisani. Ana goti la zamani na leso haimtoki kiunoni. Alikaa sekunde kumi.

"Mwanangu, hiki ni kiti au ni kisu?"

Hakuwa anatania. Kiti chembamba kimetengenezewa mtu anayeinama, ambaye sehemu ya uzito wake imo mikononi na miguuni. Mtu anayekaa wima anakikalia chote. Na leso au sketi ndefu karibu na pedali inayozunguka ni ajali inayosubiri nafasi. Kwa shangazi, na kwa mtu yeyote mwenye mgongo unaolalamika, mwili mkubwa, au wasiwasi wa kuanguka, iko baiskeli ya kuegemea: kiti kama cha ofisini chenye mgongo, pedali ziko mbele badala ya chini, unaingia kama unavyoketi kwenye kochi. Vijana huidharau. Sioni kwa nini. Moyo unadunda uleule. Inachokula ni nafasi, basi ichukulie vipimo vya sebule kwanza.

Katikati pana ile ya kawaida ya kukaa wima, yenye hendeli za juu na kiti kipana kidogo. Ndiyo inayofaa nyumba nyingi, hasa yenye watu wawili au watatu watakaopokezana. Ya spini inamfaa anayetaka kujichosha hasa, kusimama juu ya pedali na kutoka jasho.

Zaidi ya aina, kuna urefu wa kiti, na hapa ndipo magoti mengi yanapoharibiwa bure. Kaa, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa. Mguu unyooke. Kisha rudisha mguu mahali pake, sehemu pana ya unyayo juu ya pedali, na goti litabaki limekunjika kidogo. Huo ndio urefu wako. Goti likiuma kwa mbele, mara nyingi kiti kiko chini mno. Likiuma kwa nyuma, kiko juu mno. Kwa watu wetu warefu wa kando ya ziwa hili si jambo dogo. Niliona baiskeli ambayo kiti kilipofika kwenye alama ya mwisho kwenye nguzo yake, rafiki yangu bado alikuwa anakanyaga magoti yakigonga kifua. Alama ile usiivuke hata kama nguzo inaruhusu, kwa sababu chuma kilichobaki ndani hakitoshi kukubeba. Tafuta nyingine tu.

Mashine za mtumba

Baiskeli nyingi ninazoziona zikiuzwa Kisumu na Nakuru si mpya. Zimekuja kutoka Uingereza, au zimetoka jimu iliyofungwa. Mara nyingi hizi ndizo bora, kwa sababu chuma chake ni kizito na mtu mwingine ameshalipia upya wake. Ila zikague kama unavyokagua pikipiki.

Shika mikono yote miwili ya pedali, itikise kulia na kushoto. Ikicheza, beringi zimechoka. Hilo halitishi: beringi huwa na namba imepigwa pembeni, kama 6203, na namba ni ileile dunia nzima, hivyo duka la spea za pikipiki linaweza kuwa nayo. Zungusha pedali kwa mkono ukiwa umeinamisha sikio. Sauti ya mchanga ni beringi. Sauti ya tak, tak, tak ni mkanda uliochanika au mkono uliolegea kwenye ekseli. Baiskeli ya mkanda hukaa kimya na haitaki mafuta. Ya cheni ina kelele kidogo, inataka mafuta, lakini cheni utaipata popote.

Lala chini utazame tumbo la fremu. Kutu hujificha hapo. Watu husingizia unyevu wa ziwa, lakini ziwa letu halina chumvi. Chumvi inayokula chuma inatoka mwilini mwa aliyekuwa akiikanyaga. Tafuta na kibandiko cha kiwanda. Kitakuonyesha uzito wa juu wa mtu, na kama imepita ISO 20957, kiwango cha kimataifa cha vifaa vya mazoezi, utaona herufi: S ni ya kutumika jimu, H ni ya nyumbani. Herufi ya pili, A, B au C, inaeleza usahihi wa vipimo vyake, A ikiwa juu na C chini. Kama uzito wako unakaribia ule ulioandikwa, tafuta inayobeba zaidi.

Kama ina waya wa umeme, soma kichwa chake cha chaji. Iliyotoka Uingereza inakubaliana na stima yetu ya volti 240, hata plagi ni ileile ya miguu mitatu. Iliyotoka Marekani inaweza kutaka 120, na ukiichomeka hivyo hivyo utasikia harufu kabla hujaona moshi. Kichwa kilichoandikwa 100 hadi 240 hakina shida. Halafu washa kioo mbele ya muuzaji. Kuna baiskeli za kisasa ambazo kioo chake hakikupi mengi bila akaunti na malipo ya kila mwezi kwa dola.

Na kama pedali zake ni zile za kunasa viatu maalum, usiiache kwa hilo. Thredi ya pedali, yaani ile skrubu yake, kwenye baiskeli hizi, kama ilivyo kwenye baiskeli nyingi za barabarani, kawaida ni inchi 9/16. Mzee wa Kibuye atakuwekea pedali bapa ukimsubiri.

Kioo kinavyodanganya

Si kwamba kimekusudia. Kwenye baiskeli za kawaida, kioo kinajua kitu kimoja tu: kijisumaku kimepita mbele ya kihisio mara ngapi. Kilomita na kasi ni zao la kuzidisha hiyo hesabu kwa namba iliyochaguliwa kiwandani. Umetoka sebuleni ukafika sebuleni. Kalori nazo hukadiriwa bila kujua wewe ni nani, na mara nyingi bila kujua kitasa kiko wapi.

Kama baiskeli inapima wati kwa kweli, hesabu ni rahisi kushangaza. Mtu anayetoa wati 100 kwa saa nzima ametoa kilojuli 360 kwenye pedali. Mwili hutumia kama kilojuli nne ndani ili moja itoke nje, na kilokalori moja ni kilojuli 4.184, kwa hiyo viwili hivyo karibu vinafutana: kilojuli 360 za pedali ni kama kilokalori 360 za chakula. Saa nzima, wati 100, ambazo kwa anayeanza si mchezo. Kioo kikikuambia umechoma 700 kwa nusu saa ukiwa unaongea na simu, kipuuze. Usijilipe kwa chapati mbili.

Mimi hupima kwa mdomo. Nikiweza kuongea sentensi lakini siwezi kuimba, hapo ndipo mazoezi ya wastani yalipo. Ile hesabu ya kutoa umri kwenye 220 kupata mapigo ya juu ya moyo ni makisio ya jumla tu, na kwa wanaotumia dawa za presha za aina ya atenolol inapotosha kabisa, maana dawa hizo huzuia moyo kwenda mbio. Ukiwa na ugonjwa wa moyo, presha au sukari, kapimwe kwanza.

Joto

Kisumu iko mita kama 1,130 juu ya usawa wa bahari, Nakuru iko kama 1,850. Binamu yangu hukanyaga saa moja jioni akiwa na sweta dakika tano za mwanzo. Mimi nikifanya hivyo nazimia. Barabarani upepo unakausha jasho. Sebuleni hewa imesimama, na jasho lisilokauka halipozi mwili, linatiririka tu. Basi kwetu feni ni sehemu ya bei ya baiskeli. Iweke mbele, si pembeni. Fungua madirisha mawili yanayoelekeana, weka chupa ya maji karibu, na ukimaliza pangusa fremu, hasa chini ya hendeli na kwenye bolti za kiti. Chini tandika mkeka wa mpira, kwa ajili ya vigae, jasho, na jirani wa chini.

Halafu rudi kwenye ile spana. Pedali huandikwa L na R kwenye ncha ya ekseli yake. L ni ya kushoto ukiwa umekaa. Ianzishe kwa vidole, bila spana, kwa mizunguko kadhaa. Ikikataa vidole, umekosea upande, simama. Zote mbili hukazwa kwa kuzungusha kuelekea mbele ya baiskeli. Baada ya wiki ya kwanza kaza tena pedali, na ile bolti ya katikati inayoshika mkono wa pedali kwenye ekseli, kwa sababu chuma kipya hujikalisha na kuacha nafasi. Mimi huzikaza kila mwezi, siku ninayolipa kodi ya nyumba, nisisahau.